Mizani Isomwe na Wawili

Vijana wengi wa visiwa vyetu vya Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome huvuka maji kwenda bara kutafuta kazi katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, na wengine husonga mbele hadi Mwadui kwenye almasi. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, safari ya kuelekea Geita imekuwa fupi zaidi kwa yule aliyekwisha kufika Mwanza. Lakini wapo wanaorudi visiwani wakiwa na neno moja midomoni: "Tumebaguliwa."

Neno hilo ni zito. Gazeti hili haliwezi kulipuuza, kwa sababu linatoka kwa watoto wetu. Wala haliwezi kulipokea tu bila kuliuliza maswali, kwa sababu mtu aliyekosa kazi kwa kukosa sifa naye huweza kusema amebaguliwa, na bosi anayebagua huweza kusema kila mara kwamba aliyemkataa hana sifa. Hivyo basi ipo haja ya kupima. Leo tunataka kuzungumza na ndugu zetu wa visiwani, na zaidi na viongozi na maofisa wa Serikali wenye dhamana ya kazi na madini, juu ya namna ya kupima.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika utawala wa kikoloni ubaguzi kazini haukufichwa. Uliandikwa katika vitabu vya Serikali na kupigwa mihuri. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa Serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja mwaka 1947 na 1948, iliona ni haki mshahara wa mtumishi asiyekuwa Mzungu uwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu afanyaye kazi ileile. Maana yake ni kwamba daktari Mwafrika na daktari Mwingereza waliosimama mbele ya kitanda kimoja cha mgonjwa mmoja walihesabiwa kuwa na thamani mbili. Hakuna aliyehitaji kuuliza sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa imeandikwa usoni.

Baadaye kidogo ilikuja Tume ya Lidbury, ya mwaka 1953 na 1954, ikapendekeza kuondolewa kwa mishahara iliyopangwa kwa rangi. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini papo hapo ikakubaliwa kwamba mtumishi aliyetoka Ulaya aongezewe posho ya kumvutia aje kufanya kazi Afrika. Msomaji aitazame hatua hiyo kwa makini, maana ndani yake imo habari yote tunayotaka kuisema. Neno "Mzungu" lilifutwa katika orodha ya mishahara. Pengo kati ya mshahara na mshahara likabaki, likiwa na jina jipya.

Hali ya migodini ilifuata mkondo huohuo. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mahali palipokuwa pori pakawa mji wa kampuni, wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu lilitoka katika ardhi hiyo, likapelekwa zawadi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, katika arusi yake. Lakini katika mji huohuo uliotoa zawadi ya kifalme, makazi yalipangwa kwa desturi ya kikoloni: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Mtu alijua cheo chake kabla ya kufungua mlango wa ofisi.

Uhuru ulipokaribia, Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili kwa upana kuliko wengi waliomzunguka. Tarehe 18 Oktoba 1961, katika Bunge, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika ufungwe kwa rangi ya ngozi, yeye alisimama kidete kupinga, na akawa tayari kuacha uongozi kuliko kukubali. Na Januari 1964 alitoa agizo kwamba raia wote wapewe haki sawa katika ajira na vyeo vya Serikali bila ya kujali rangi zao. Hakutaka dhuluma iliyotendwa na wakoloni irudishwe kwa mkono wetu dhidi ya Mtanzania mwenye asili ya Asia au Ulaya. Agizo hilo halikuwapendeza wote, lakini lilikuwa sahihi, na mpaka leo ndilo msingi wa lolote tutakalosema juu ya jambo hili. Anayepigania haki kazini hapiganii zamu yake ya kubagua.

Baada ya Azimio la Arusha, Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 uliwaonya viongozi wa kazi dhidi ya majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliupokea kwa moyo wote. Katika viwanda na mashirika kadhaa waligoma wakiwakataa mameneja waliowatukana, na walikuwa na Mwongozo mkononi. Lakini kufikia mwaka 1973 Serikali yenyewe iliona migomo imezidi, nao baadhi ya wafanyakazi wakapoteza kazi zao. Tunalikumbusha jambo hili bila nia ya kumlaumu mtu. Tunalikumbusha kwa sababu linafundisha kwamba tamko la heshima, hata likiwa zuri namna gani, halimlindi mfanyakazi ikiwa hana chombo cha kudumu cha kupimia matendo ya mwajiri wake. Watu walipewa maneno mazuri, lakini hawakupewa mizani.

Sasa tuje katika zama zetu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makampuni makubwa ya nje yalirudi katika ukanda huu. Wachimbaji wadogo waliokuwa Bulyanhulu waliondolewa mwaka 1996. Mgodi mpya wa Geita ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Pamoja na mitambo walikuja mafundi na mameneja kutoka Afrika Kusini, Australia, Kanada, Ghana na kwingineko. Hapakuwa tena na mji wa Wazungu na mji wa Waafrika. Palikuwa na mkataba wa mgeni na mkataba wa mwenyeji. Yule wa kwanza hulipwa kwa dola na kupewa nyumba, tiketi za ndege, likizo za mara kwa mara na karo ya watoto. Yule wa pili hulipwa kwa kiwango cha hapa. Haya hayakufanywa na kampuni moja, bali ni desturi ya biashara hii duniani kote.

Mwaka 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma wakidai maslahi na masharti bora ya kazi, na mamia yao wakapoteza ajira. Miaka ile Bunge na magazeti yalijaa mjadala juu ya migodi: mikataba yake, kodi zake na jinsi inavyowatendea Watanzania. Ni lazima tukiri kwamba mengi yamebadilika tangu wakati huo. Sheria za mwaka 2017 zimebadilisha uhusiano wa Taifa na makampuni, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinamtaka mwenye leseni ampe Mtanzania nafasi ya kwanza katika ajira na mafunzo. Makampuni makubwa yenyewe sasa hutangaza kwa fahari kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi ya wafanyakazi wao ni Watanzania.

Hapana sababu ya kuikataa hesabu hiyo. Lakini hesabu ya vichwa haisemi vichwa hivyo vimekaa wapi. Watu 900 wakiwa shimoni, jikoni, getini na katika magari, na 100 wakiwa katika meza zinazoamua nani apandishwe cheo, nani apunguzwe na nani apelekwe masomoni, hesabu itakuwa nzuri na haki itakuwa haba. Swali ambalo ofisa wa Serikali anapaswa kuuliza si wageni ni wangapi. Aulize: wameshika nafasi gani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na Mtanzania aliyewekwa chini yao kujifunza amejifunza mwaka wa ngapi sasa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa umeme mwenye cheti cha chuo cha ufundi anawekwa chini ya fundi mgeni ili arithi kazi baada ya miaka miwili. Miaka miwili inapita. Mgeni anaondoka, anakuja mgeni mwingine ambaye haijui mitambo ile, na anayemfundisha mitambo ni yuleyule fundi wetu. Baada ya miezi sita mgeni huyo mpya anaandika katika ripoti kwamba fundi huyo "bado hajawa tayari." Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyetaja rangi wala kabila. Ukiuliza, utaonyeshwa karatasi zote zimekaa sawasawa. Lakini mtu mmoja amefanya kazi mbili, ya kufundishwa na ya kufundisha, na amelipwa moja. Huu ndio ubaguzi wa siku hizi. Hauna sauti, na hata yule anayeutenda huweza asijue kwamba anautenda, kwa kuwa amezoea kuona uso wa aina moja katika kiti cha juu na uso wa aina nyingine katika kiti cha chini.

Lipo tena lile la mawakala wa ajira. Mgodi huajiri wachache moja kwa moja, na kazi nyingine hukodishwa kwa makampuni ya kati. Basi watu wawili hushika koleo za aina moja katika zamu moja, mmoja akiwa na bima, marupurupu na matumaini, mwingine akiwa na mkataba wa miezi mitatu unaokatwa na kuungwa kama uzi mbovu. Orodha ya mgodi haimjui huyu wa pili. Kwa hiyo hata taarifa nzuri ya usawa itakayopelekwa Wizarani haitakuwa na jina lake.

Je, sheria inasemaje? Katiba yetu katika Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na katika Ibara ya 23 inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa Namba 111 wa mwaka 1958 juu ya ubaguzi katika ajira, na ule wa Namba 100 juu ya ujira sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, utaifa, kabila au mahali mtu alipotoka, asili, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, virusi vya UKIMWI au hali ya maisha. Katazo hilo linagusa ujira, mafunzo, upandishaji vyeo na uachishaji kazi. Bughudha kwa misingi hiyo nayo huhesabiwa kuwa ubaguzi. Na jambo kubwa ambalo wengi hawalijui ni hili: mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo huhamia kwa mwajiri.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aandae mpango wa kukuza usawa na kuondoa ubaguzi kazini, na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Nayo Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia inamtaka mwajiri mwenye wageni aandae mpango wa kurithisha kazi zao kwa Watanzania. Kwa hiyo hatulii kwa kukosa sheria. Sheria ipo, na ni nzuri kuliko za nchi nyingi. Tunalia kwa sababu mipango hiyo huandikwa na mwajiri na kusomwa na ofisi, na yule ambaye mpango unamhusu, yaani mfanyakazi, huenda asiuone mpaka anastaafu.

Hapo ndipo tunapotaka kuwakumbusha watu wa Kanda ya Ziwa jambo ambalo babu zetu walikwisha kulifanya. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe alibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, mnunuzi akauweka kwenye mizani, akausoma mwenyewe, akautaja uzito mwenyewe, akalipa alichotaka. Mkulima alijua kwamba anaibiwa. Mgongo wake uliubeba mzigo maili kadhaa na uliufahamu uzito wake. Lakini mgongo si ushahidi.

Wakulima hawakukaa kumwomba mnunuzi awe na huruma. Hawakusema tu kwamba mnunuzi ni wa rangi fulani na ndiyo maana anaiba. Walitaka mizani iangaliwe na mtu wao. Paul Bomani na wenzake wakaunganisha vikundi vya wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao kabla ya mwisho wa muongo ule ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Mwanzo wake ulikuwa neno dogo tu: mizani isomwe na wawili.

Tunasema kwamba neno hilo ndilo dawa ya ubaguzi wa leo kazini. Huwezi kuufungua moyo wa bosi ukaona anawaza nini juu ya Mwafrika, juu ya mwanamke au juu ya mtu wa visiwani. Lakini unaweza kutaka ngazi za mishahara zisomwe na wawili, vigezo vya kupanda cheo visomwe na wawili, na mpango wa kurithisha kazi usomwe na wawili, tarehe zake zikiwa zimeandikwa. Aliye mwadilifu hatapungukiwa kitu. Asiye mwadilifu atalazimika kujieleza.

Waajiri wanayo hoja yao, na haki inataka tuisikilize. Husema kwamba mtaji ni mkubwa, mitambo ni ya hatari, uzoefu wa kuchimba chini sana ardhini haupatikani kwa wingi nchini, na fundi hodari wa kutoka mbali hawezi kuiacha familia yake kwa mshahara wa hapa. Katika hoja hiyo upo ukweli. Sisi hatusemi kwamba mgeni afukuzwe, wala kwamba tiketi ya ndege ya mtu aliyetoka mbali ni dhambi. Tunasema kwamba gharama ya umbali iandikwe kama gharama ya umbali, na thamani ya kazi iandikwe kama thamani ya kazi, kila moja katika safu yake. Zikichanganywa ndipo ile posho ya Lidbury inapofufuka. Tena, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kuchimba, maneno kwamba uzoefu haupatikani nchini yanapaswa kuthibitishwa kila mara yanaposemwa, kazi kwa kazi, jina kwa jina.

Lakini tusiwatazame wageni peke yao. Ukitaka kujua kama mtu anachukia ubaguzi, mtazame anapokuwa juu yeye. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kule Nyarugusu, Mgusu na kwingineko, ambako mwenye duara ni Mtanzania, msimamizi ni Mtanzania na mchimbaji ni Mtanzania, wapo mpaka leo wanaoamini kwamba mwanamke akikaribia duara dhahabu hukimbia. Basi mwanamke huachiwa kuponda mawe, kuosha mchanga mialoni na kupika. Kazi hizo ni nzito na malipo yake ni mepesi, na anapozigawa dhahabu zao wenye duara, yeye hayumo katika hesabu. Chama cha Wanawake Wachimbaji kilianzishwa mwaka 1997, na wanawake wenye leseni zao wamekwisha kuonyesha kwamba dhahabu haikimbii mtu. Hata hivyo imani hiyo bado inawanyima wengi riziki. Huo ni ubaguzi, na hakuna mkoloni wa kumsingizia.

Lipo la kutisha zaidi. Kuanzia mwaka 2007 kanda yetu ilipata aibu mbele ya dunia kwa mauaji ya watu wenye ualbino, kwa sababu ya uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta dhahabu machimboni na samaki ziwani. Uongo huo ulisikika bara na ulisikika visiwani. Mauaji yamepigwa vita na Serikali, na baadhi ya waliokamatwa wamehukumiwa. Lakini ndugu hawa bado hubaguliwa kazini kwa njia nyingine: hupangwa juani kutwa nzima bila kofia wala mikono mirefu, wakaugua ngozi, kisha huambiwa kwamba kazi imewashinda. Kofia, kazi ya kivulini na miwani ya kusomea si upendeleo. Ni vyombo vya kazi kama vile koleo ilivyo.

Na yapo ya kwetu na bara. Ni haki kijiji kilichotoa ardhi yake kwa mgodi kifikiriwe kwanza katika kazi zisizohitaji ujuzi. Vumbi na mitetemeko ni vyao, na kazi iwe yao pia. Lakini kazi ya ufundi inapotangazwa kwa Watanzania wote, kisha kijana wa Ukara akaulizwa getini ukoo wake ni upi na nani anamjua ndani, hapo sheria imevunjwa, maana mahali mtu alipotoka ni miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Kadhalika ndugu wa visiwani wenye mitumbwi na kambi za dagaa wajiulize: je, wao humlipa mtu wa bara au mkimbizi wa Burundi sawa na mtoto wa kisiwa kwa usiku mmoja wa kuvua?

Baada ya kusema hayo, tunapenda kutoa maoni yetu kwa wenye dhamana.

Kwanza, Kamishna wa Kazi aagize kwamba kila mpango wa usawa uliosajiliwa ubandikwe mahali pa kazi, kwa Kiswahili, pamoja na ngazi za mishahara ya kila daraja la kazi bila ya majina ya watu. Mpango uliofungiwa kabatini haulindi mtu.

Pili, kila mpango wa kurithisha kazi ya mgeni utaje nafasi, mwanafunzi wake, mambo anayopaswa kuyajua na tarehe ya mwisho. Nakala moja ikae katika chama cha wafanyakazi. Kibali cha mgeni kisiongezwe muda mpaka mwanafunzi naye amehojiwa na ofisa, mbali na mwalimu wake.

Tatu, Tume ya Madini, inapopokea taarifa za ajira za migodi, isihesabu vichwa tu. Idai mgawanyo kwa ngazi, kwa jinsia na kwa aina ya mkataba, pamoja na wale walio chini ya mawakala.

Nne, maofisa kazi wa Geita na Shinyanga wapewe magari, mafuta na watu wa kutosha. Ofisa anayekwenda kukagua mgodi kwa gari la mgodi, akala chakula cha mgodi na kulala katika nyumba ya wageni ya mgodi, atahitaji uadilifu wa malaika ili aandike kosa la mgodi. Serikali isiwajaribu watumishi wake kiasi hicho.

Kwa wafanyakazi na wazazi wa visiwani tunayo maneno machache. Anayehisi kwamba amebaguliwa aandike: tarehe, maneno yaliyosemwa, aliyekuwapo, na mwenziwe aliyetendewa tofauti. Aende kwenye chama chake mapema. Shauri la kupinga kuachishwa kazi linapaswa kufika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine ya kazi ndani ya siku 60. Wapo vijana wanaoachishwa kazi, wakapanda feri kurudi nyumbani, wakakaa kuuguza uchungu kwa wazee miezi mitatu, kisha wakaanza kutafuta haki. Mwenye haki huyo huchelewa kwa kalenda, na hapo huomba ahurumiwe badala ya kudai. Mzazi akimwona mwanawe amerudi kabla ya likizo, amwulize siku hiyohiyo.

Baba zetu walipodai mtu wao asimame penye mizani ya pamba, waliambiwa kwamba hawajui kusoma tarakimu. Wakajifunza. Leo watoto wao wanasoma tarakimu, wanasoma michoro ya mitambo na wanasoma sheria. Kilichobaki ni kuwageuzia uso wa mizani nao wauone. Serikali inayo mamlaka ya kufanya hivyo bila ya kutunga sheria nyingine, na sisi tunaamini kwamba haina sababu ya kungoja.